Tumbo la siku ya jaribio: jibu kwa mwalimu wa Newala

Swali: "Shikamoo. Ni mwalimu wa darasa la nne katika shule moja ya kijiji wilayani Newala. Nina watoto 83 darasani. Mwaka huu nimekabidhiwa na kazi ya ushauri na unasihi, bila semina wala kitabu. Tangu tuanze majaribio ya kila Ijumaa kwa ajili ya upimaji wa taifa, kila wiki naletewa watoto wanaoumwa tumbo. Wengine wakiitwa ubaoni wanatetemeka, na mmoja alijikojolea mbele ya wenzake. Yupo pia wa kiume, miaka 10. Wazazi wake waliachana baada ya msimu wa korosho uliopita, sasa anaishi kwa bibi yake na haongei na mtu. Mkuu wa shule amenipa kipindi kimoja kwa wiki, dakika 40, niwafundishe kuhimili msongo wa mawazo. Nianzie wapi?"

Marahaba, mwalimu. Nitakujibu kwa mpangilio ambao ningeufuata mwenyewe kama darasa hilo lingekuwa langu, maana vitabuni mambo haya hupangwa vizuri mno kwa mtu mwenye watoto 83.

Ijumaa ijayo, kabla ya somo lolote, waulize wenye tumbo maswali mawili. Umekula nini tangu jana? Na jana Alhamisi tumbo lilikuwaje? Watoto wengi wa vijiji vyetu wanafika mstarini na ugali wa muhogo wa jana jioni, wakiwa wameshateremka bondeni kuteka maji na kupanda nayo. Tumbo la namna hiyo halihitaji mnasihi, linahitaji uji. Wengine wana minyoo, wengine malaria, na wanaotoka vijiji vya kando ya maji huenda wana kichocho. Nasema hivi kwa sababu mwaka wangu wa kwanza katika kazi hii ya unasihi nilikaa na binti mmoja wiki tatu nikimfundisha kupumua na kutulia, mpaka muuguzi wa zahanati alipoomba choo chake akakipime. Ilikuwa safura. Yule binti alitulia baada ya kumeza dawa, nami nikajifunza kuuliza kuhusu chakula na choo kabla sijauliza kuhusu moyo.

Lakini mtoto anayeumwa Ijumaa tu, Jumamosi akawa anapanda mkorosho kama tumbili, huyo ana hofu. Na hapa naomba tukubaliane jambo moja: hasingizii. Tumbo linauma kweli.

Mwili una kengele ya hatari. Ukikanyaga kitu laini gizani ukadhani ni nyoka, ubongo haungoji uhakika. Tezi zilizokaa juu ya figo zinamwaga homoni iitwayo adrenalini, moyo unakimbia, pumzi inakuwa fupi, damu inapelekwa kwenye misuli ya miguu na mikono ili ukimbie. Tumbo linanyimwa damu na kazi yake inavurugika, ndiyo maana linasokota. Kibofu nacho kinaweza kuachia, na huyo wako aliyejikojolea ndiko yalikomtoka. Muda kidogo baadaye inafuata homoni nyingine, kotisoli, inayoufanya mwili uendelee kukaa macho. Wakati huohuo sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, ile inayokumbuka jedwali la saba, inafanya kazi vibaya. Haya yote ni mazuri sana kwa nyoka. Tatizo ni kwamba kengele hiyo haijui tofauti ya nyoka na hesabu ya kugawanya.

Hilo ndilo somo la kipindi chako cha kwanza, na dakika 20 zinatosha. Wasimulie habari ya nyoka njiani. Waulize mwili ulifanya nini. Watakuambia wenyewe, moyo ulidunda, miguu ililegea, mkojo ulibana. Andika ubaoni. Kisha waulize ni lini tena mwili unafanya hivyo bila nyoka. Utasikia kimya, halafu mmoja atasema "tukiitwa ubaoni", na darasa zima litacheka kicheko cha watu waliogundua kwamba hawako peke yao. Usikikatize kicheko hicho. Mtoto anayeijua kengele yake ameshapunguza nusu ya hofu, kwa kuwa alichokuwa anaogopa zaidi ni kwamba yeye ndiye mwenye kasoro.

Waache waseme kwa Kimakonde pale Kiswahili kinapowakwamia. Mtoto wa miaka tisa au kumi mara nyingi ana maneno mawili ya kueleza hali yake, "nimekasirika" na "naumwa", na kila kitu anakipitisha humo. Lugha yetu lakini ni tajiri. Soni si sawa na hofu, kinyongo si sawa na hasira, na wasiwasi wa kesho si sawa na huzuni ya jana. Kila wiki wape neno moja na wapige mfano wa kuigiza. Mtoto akikuambia "mwalimu, nina kinyongo na fulani", umepata pa kushika. Akikuambia "naumwa", utampeleka zahanati.

Kisha pumzi. Hapa huhitaji kifaa, unahitaji uji wa moto wa kufikirika. Kila mtoto akunje viganja kama ameshika bakuli, avute hewa kwa pua akihesabu hadi tatu, halafu apulize uji ule polepole, bila kuumwaga, akihesabu hadi sita. Mara tano au sita. Kinachofanya kazi ni ile pumzi ya kutoka kuwa ndefu kuliko ya kuingia: inaamsha neva ya vagasi, inayoshuka kutoka kwenye ubongo hadi moyoni na tumboni, na neva hiyo ndiyo inayouambia moyo upunguze mwendo. Usiwalazimishe kufumba macho. Mtoto aliyewahi kufanyiwa ubaya gizani akifumba macho anaona kingine. Mwenye pumu apumue anavyoweza. Na tafadhali wafanye kila siku asubuhi, wakiwa wametulia, dakika mbili tu. Mtu hajifunzi kuogelea siku mtumbwi unapozama.

Sasa nikuonye. Ukiishia kwenye pumzi, hutavuna kitu. Uingereza walifanya jaribio kubwa, wanafunzi zaidi ya 8,000 wa miaka kati ya 11 na 14. Nusu ya shule zilifundisha mazoezi ya kutuliza akili kama somo darasani, nusu ziliendelea na utaratibu wao wa kawaida. Matokeo yalitoka 2022, na waliofundishwa hawakuwa na nafuu yoyote kuwazidi wenzao. Wengi hawakuyarudia mazoezi yale nje ya kipindi. Mimi sikushangaa. Utulivu haukai daftarini kama historia. Mtoto anauazima kwanza kwa mtu mzima aliye karibu naye, anautumia wa kuazima miaka kadhaa, ndipo anapata wa kwake. Kwa hiyo swali lako, "niwafundishe nini dakika 40", lina pacha wake ambaye hukumwandika: zile saa nyingine zote, sisi walimu tuko vipi mbele yao?

Nisikuzungushe. Wanatetemeka ubaoni kwa sababu gani? Kama ni kwa sababu anayekosea anachapwa, kengele yao haijakosea, nyoka yupo. Huwezi kumfundisha mtoto asubuhi kupuliza uji na mchana ukawa wewe ndiye moto. Najua utaniambia darasa la watoto 83 haliendi bila fimbo, nami nimelisikia hilo katika kila shule niliyokwenda, kuanzia Mtwara mjini hadi Liwale. Kanuni zenyewe za viboko shuleni, za 2002, zimeweka kikomo cha viboko vinne, na ruhusa ni ya mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, kwa makosa mazito. Kukosea kugawanya hakumo.

Na liko jambo la zamani zaidi ya kanuni. Mwaka 1908 Wamarekani wawili, Robert Yerkes na John Dodson, walifundisha panya kuchagua njia kwa kuwapiga shoti ya umeme wakikosea. Kazi ilipokuwa rahisi, shoti kali iliwafundisha haraka. Kazi ilipokuwa ngumu, shoti kali iliwachelewesha, na waliojifunza haraka ni waliopata ya wastani. Panya si watoto, lakini mwalimu yeyote mwenye macho ameshaliona hili. Fimbo inaweza kumharakisha mtoto kufagia uwanja. Haimharakishi kuelewa kugawanya kwa tarakimu mbili. Wasiwasi kidogo, ule wa kumfanya asome swali mara mbili, mwachie. Huo ni wake na unamfaa.

Kuhusu ubao, usiwasamehe kabisa. Wapo walimu wapole ambao mtoto akitetemeka wanamwambia "basi kaa", na wiki inayofuata anatetemeka zaidi. Akikaa, kengele inanyamaza papo hapo, na mwili unajifunza kwamba kukimbia ndiko kulikomwokoa. Unachotaka ni mwili ugundue kwamba kengele hunyamaza yenyewe hata usipokimbia. Basi mteremshie ngazi. Wiki ya kwanza amweleze jirani yake kwenye dawati jinsi alivyopata jibu. Ya pili aeleze kundi la watu watano. Ya tatu aende ubaoni na mwenzake, mmoja anaandika, mwingine anasema. Ya nne aende peke yake na swali ambalo wewe na yeye mnajua ameshalipata kwenye daftari. Ya tano swali jipya. Kwenye kila ngazi akae mpaka mapigo yapungue, ndipo apande. Akiteleza, rudi ngazi moja, bila hotuba. Yule aliyejikojolea aanze mwisho kabisa wa wenzake, na iwe kanuni ya darasa zima kwamba kila mtu anaruhusiwa kwenda chooni kabla ya zoezi. Ukimruhusu yeye peke yake, umeshamtangaza.

Jaribio la Ijumaa pia unaweza kulifanyia ukarabati. Swali la kwanza liwe ambalo darasa zima watalipata. Waambie Alhamisi litakuwa na maswali mangapi na litachukua muda gani, kwa sababu kisichojulikana kinatisha kuliko kigumu. Aprili 2019, tulipoambiwa kimbunga Kenneth kinakuja upande wetu, kabla hakijapiga Msumbiji, watoto niliowaona wametulia ni wale waliopewa habari na kazi: tunakwenda kwa mjomba Masasi, wewe beba ndoo, dada yako abebe mtoto. Walioambiwa "nyamazeni, hakuna kitu", huku mama akifunga mabegi na mikono ikimtetemeka, ndio waliokosa usingizi miezi baadaye kila mnazi ulipovuma.

Nije kwenye jambo ambalo kwetu huku lina uzito wake. Tunachanganya ustahimilivu na uvumilivu. Wavulana wako wengi wameshapita jandoni au watapita likizo ijayo, na huko wanaambiwa mwanaume halii. Huo ni uvumilivu, kubana. Una mahali pake. Kidonda kinauma na lazima kiponywe. Ila mtoto akidhani kubana ndiyo njia pekee, mambo yote yanashukia tumboni, na Ijumaa unaletewa. Kustahimili ni kuinama upepo ukipita na kuinuka tena, na wa kuinuka tena anaruhusiwa kulia, kuomba msaada na kubadili njia. Usibishane na mafundisho ya jando darasani; utashindwa, na wazee watasema mwalimu anadharau mila. Waambie tu kwamba aliyetoka likumbi, kule kambini jandoni, ameonyesha anaweza kuvumilia, na sasa anajifunza la pili.

Isitoshe mila hizohizo zina hazina ambayo wazungu waliigundua kwa gharama kubwa. Binti anayechezwa unyago anapewa somo, mtu mzima wake, ambaye hata akishaolewa anaweza kumkimbilia. Mtafiti Emmy Werner na wenzake waliwafuatilia watoto 698 waliozaliwa 1955 katika kisiwa cha Kauai, huko Hawaii, mpaka wakawa watu wazima. Baadhi yao walikulia kwenye shida juu ya shida: umaskini, ulevi nyumbani, wazazi wasioelewana. Theluthi moja hivi ya hao walikua watu timamu, wenye kujiamini na kujali wengine. Walipochunguzwa wamesimamia nini, karibu kila mmoja alikuwa na angalau mtu mzima mmoja aliyemshika imara, awe bibi, shangazi, jirani au mwalimu. Na wengi walikuwa na kazi ya nyumbani ambayo familia iliitegemea kweli.

Kwa hiyo katika watoto 83, kaa na orodha ya mahudhurio jioni moja na jiulize kwa kila jina: huyu ana nani? Ukikwama kwenye majina matano au sita, hao ndio kazi yako ya unasihi. Wagawane na walimu wenzako, mmoja mmoja, kimyakimya.

Vipindi vinavyobaki, nipe nafasi nikuachie mchezo mmoja tu, huu naupenda. Tumia mashimo mawili ya bao, au chimba mchangani. Kila mtoto aokote kete saba na kila kete iwe jambo linalomsumbua. Shimo la kulia ni la mambo ninayoweza kuyafanyia kitu, la kushoto ni la yasiyo mkononi mwangu. Bei ya korosho mnadani, kushoto. Baba kumdai mtu wa kangomba, yule anayenunua korosho kimagendo, kushoto. Sijaelewa kugawanya, kulia, na achague atamwuliza nani na lini. Mama anaumwa ni kete ya kubishaniwa: ugonjwa uko kushoto, kumchotea maji kuko kulia. Ubishi huo ndio somo lenyewe, usiwakatize kwa kutoa jibu. Cha kushangaza ni nyuso zao pale wanapogundua kwamba ugomvi wa wazazi unaruhusiwa kuachwa kushoto. Wengi walikuwa wameubeba mkononi.

Na hapo ndipo alipo kijana wako wa miaka 10. Wewe na mimi tunajua pesa za msimu zinavyozipitia nyumba zetu. Oktoba hadi Januari kuna wanaojenga na kuna wanaooa mke wa pili. Mtoto hajui hayo. Watoto wa umri huo wakiona wazazi wameachana hutafuta kosa walilofanya wao, na wakikosa la kweli hutunga. Usimwite ofisini kumhoji. Kwa siku kumi za shule mfululizo mpe dakika mbili zako kila siku, ukiwa kando yake, msitazamane: mnafuta ubao pamoja, mnahesabu madaftari, anakushikia chaki. Ongea wewe habari nyepesi, mbuzi, mpira, mvua. Akinyamaza, nyamaza naye. Mpe kazi ambayo isipofanyika itaonekana, kama ufunguo wa kabati la vitabu. Siku moja, wakati mnaendelea na kazi, sema kama unasema na ubao: "Wakubwa wakigombana ni kwa mambo ya wakubwa, hata kama watoto hudhani ni kwa sababu yao." Usingoje jibu.

Ipo mipaka ya kazi yako, na uijue kabla hujaifikia. Mtoto akitamka kwamba anataka kufa, akionyesha alama za kupigwa au kuchezewa mwili, akikosa hamu ya kula au usingizi kwa zaidi ya wiki mbili, akianza kukojoa kitandani baada ya kuwa ameshaacha, usibaki naye peke yako na usimwahidi siri. Mwambie, "Hili nitamwambia mtu mmoja anayeweza kusaidia." Mtu huyo ni afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, au mganga wa kituo cha afya, au Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto hupigwa bila malipo, na wewe mwalimu unaweza kuipiga kuomba ushauri.

Kabla hujaniandikia tena, nenda kwa bibi wa yule kijana wa miaka 10. Piga hodi jioni, kaa mkekani, usiende na daftari. Muulize mjukuu wake analala na nani, anaamshwa na nani, na baba yake alisema nini siku aliyoondoka. Zaidi ya yote nataka kujua hili: anapokuwa pale nyumbani na bibi tu, anaongea? Kama anaongea kwa kawaida na shuleni tu ndiko sauti inakofungwa, basi si huzuni peke yake, ni aina fulani ya hofu, na ile ngazi ya ubao itamfaa, ikianzia chini zaidi, kwa kunong'ona. Kama kimya kimemfuata mpaka mkekani kwa bibi, usingoje siku kumi ziishe. Mpeleke kituo cha afya, na unijulishe wamesema nini.